Ruger Mark IV mbele ya hewa ya chumvi: tathmini ya bastola ya risasi ndogo

Silaha yoyote inayowekwa Unguja au Pemba ina adui mmoja mkubwa, naye ni kutu. Kwa sababu hiyo, katika kuitathmini Ruger Mark IV, bastola ya shabaha inayotumia risasi za .22 (kipenyo cha takriban inchi 0.22), natanguliza suala la usafishaji kabla ya ulengaji, ingawa wapiga shabaha wengi huanza na ulengaji.

Kampuni ya Ruger ilianza kuuza bastola za namna hii Marekani mwaka 1949, na Mark IV ilitoka mwaka 2016. Matoleo yaliyotangulia yalilenga vizuri lakini yalisumbua sana kuyafungua, na kuyaunga tena kulikuwa kugumu zaidi, kwani nyundo ya ndani ya bastola iliyokaa vibaya kidogo tu ilizuia kazi yote. Matokeo yake, wenye nazo aghalabu waliacha kuzifungua, jambo ambalo katika unyevu wa masika ni sawa na kuikaribisha kutu ndani ya nyumba. Katika Mark IV, baada ya kutoa magazini, kuhakikisha kwamba chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ni tupu, kuikoki bastola (kuitega tayari kufyatua) na kuweka kitasa cha usalama, unabonyeza kitufe kimoja nyuma ya fremu. Sehemu ya juu pamoja na mtutu inainuka na kutoka, na bolti, kipande cha chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, inavutwa kwa nyuma. Huhitaji bisibisi wala nyundo ya fundi.

Hili lina uzito kwa sababu risasi za .22 ni chafu: vichwa vyake aghalabu ni vya madini ya risasi yaliyopakwa nta, na masizi yake hujaa usoni mwa bolti na kwenye ndoana inayovuta maganda. Masizi hayo hushika unyevu, na bastola ikianza kukwama, hapo ndipo pa kutazama kwanza. Kitambaa cha pamba, brashi ndogo na mafuta mepesi ya silaha vinatosha. Mafuta ya nazi yasitumike kabisa. Vilevile isihifadhiwe katika ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hutunza unyevu. Ifutwe, ipakwe mafuta, ifungiwe kwenye kasha la chuma mbali na watoto.

Kwa upande wa shabaha sina lawama. Mtutu umefungwa imara kwenye sehemu ya juu, bolti pekee ndiyo inayokwenda na kurudi, na toleo la Target la chuma kisichoshika kutu upesi lina uzito unaozidi kilo moja, kwa hiyo mkono hautikisiki sana na anayejifunza hazoei kushtuka. Magazini huchukua risasi kumi.

Ninachokisisitiza kwa anayenunua iliyotumika, akiwa na kibali cha Polisi, ni tarehe ya kutengenezwa. Zile za kabla ya tarehe 1 Juni 2017 ziliitwa na kampuni yenyewe zirekebishwe, kwa sababu triga ikivutwa na kuachiwa wakati kitasa cha usalama kimesimama katikati, bastola ingeweza kufyatuka pale kitasa kinaposogezwa. Namba za hizo huanza na 401 au WBR. Yenye namba hizo, bila ushahidi kwamba imerekebishwa, mimi singeichukua hata kwa nusu ya bei.