Vanishi, shelaki au mafuta? Nimemalizia saa yangu ya mbao

Tulieni kidogo msikilize... mmesikia? Tik, tak. Mlio huo nimeuhangaikia miezi minne. Karibuni tena, wadau. Saa hii ni ya mninga na gia zote nimekata mwenyewe, lakini leo naongelea kuimalizia tu, maana hapo ndipo nilipokaribia kuiua.

Ngoja niisogeze kwenye kamera. Unaona hapa, katikati ya meno ya gia, panapong'aa? Hayo ni mabaki ya vanishi ya poliyurethani. Nilipaka kila mahali, mara mbili, ikapendeza kama meza ya sebuleni. Nikaning'iniza uzito unaoiendesha, pendulamu, ile fimbo inayobembea, ikacheza mara sita, kimya. Vanishi ilijaa kwenye vina vya meno, gia zikakwamana. Nikapiga msasa jino moja moja, na gia hii kubwa ina meno 60! Ila kwa fremu ya nje naisifu. Hapa Dar wakati wa masika mbao inavuta unyevu na kuvimba. Vanishi haizuii kabisa, lakini inapunguza sana.

Hii ya pili ni shelaki, vigamba hivi vya rangi ya asali vinavyotokana na wadudu wa huko India. Unaviloweka kwenye spiriti, asubuhi vimeyeyuka. Inakauka upesi, tena tabaka lake ni jembamba. Nimeipaka kwenye nyuso za gia tu. Meno nimeyaacha makavu, nikayasugua kwa penseli, kwa sababu grafaiti, ule weusi wa penseli, inateleza bila kunasa vumbi. Watasema shelaki inaingia doa jeupe ukiwekea kikombe cha moto. Sawa, nani anaweka chai juu ya saa ya ukutani?

Mafuta ya kitani sikuyapenda, yanachelewa kukauka. Na tambara lake usilikunjekunje ukalitupa kwenye pipa: linajipasha moto lenyewe hadi linaweza kuwaka. Litandaze nje likauke.

Sasa uso wa saa. Juu kabisa, pale palipozoeleka 12, nimeandika 6, na 12 ikaenda chini. Kwa hiyo saa moja asubuhi mshale mfupi uko kwenye 1, huhesabu kichwani. Jana saa tano mchana jirani kaja kuitazama, kaona 5, akaongeza sita kichwani kwa mazoea: "Loo, kumbe saa kumi na moja! Ngoja niwahi." Nikamkimbilia hadi getini.