Chujio la mchanga la milimita 600 kwa bwawa la nyumbani Dodoma: uzoefu wangu, na namna ya kuondoa mwani

Bwawa lenyewe ni mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.4, yaani lita 45,000 hivi. Liko juani kutwa na linajazwa kwa maji ya bomba ya Dodoma. Chujio ni la mchanga: tangi la faibaglasi lenye kipenyo cha milimita 600, vali ya njia sita (mpini wa kuchagua maji yapite wapi), na pampu ya hospawa 0.75. Kabla yake lilikuwepo la katriji, yaani la kitambaa chenye mikunjo, kwa hiyo nalinganisha vitu nilivyovitumia. Naandika kwa anayejiuliza anunue lipi, na kwa yule ambaye maji yake yameshakuwa rangi ya mlenda na fundi anamwambia abadilishe chujio.

Mara nyingi tatizo si chujio. Chujio haliui mwani. Klorini ndiyo inayoua, na chujio linaondoa kilichokufa. Ukiwa na chujio la bei mbaya na klorini haba, maji yatabaki kijani. Ukiwa na klorini ya kutosha na chujio bovu, kijani kitaondoka lakini utabaki na maji kama ya mchele kwa muda mrefu. Ni kazi mbili, na kila moja ina dawa yake.

Katriji inapendwa Dodoma kwa sababu moja: haimwagi maji. Kwa mtu anayeishi na mgao wa maji na kununua boza, hoja hiyo ina uzito. Lakini tupige hesabu. Kuosha mchanga kwa kurudisha maji kinyume, ambako mafundi wanakuita bakiwoshi, kunachukua dakika 2 hadi 3 na kunamwaga lita 400 hadi 600. Bwawa la mita za mraba 32 likipoteza nusu sentimita kwa siku kwa jua na upepo wa kiangazi, hizo ni lita 160 kila siku, zaidi ya 1,100 kwa wiki. Anayetaka kuokoa maji anunue turubai la kufunika bwawa kwanza.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawaligusi. Yanayopaa ni maji matupu. Chumvi na chokaa vinabaki bwawani. Maji ya mji huu, ambayo sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe kwenye bonde la Makutupora, tayari ni magumu. Angalia tu ukoko mweupe ndani ya birika lako. Kila ukijazia, unaongeza chokaa juu ya chokaa. Bakiwoshi inatoa kidogo kidogo maji yaliyokolea na kukulazimisha uingize mapya. Kwenye katriji hakuna mlango huo wa kutokea.

Halafu vumbi. Vumbi la Julai hadi Oktoba ni laini kama poda, linaingia kwenye mikunjo ya kitambaa na kugandishwa na chokaa. Kuosha katriji kwa usahihi ni hivi: mpira wa maji kutoka juu kwenda chini kati ya mikunjo, kisha iloweke usiku kucha kwenye maji ya sabuni ili mafuta ya ngozi yatoke, isuuze, ndipo uiloweke kwenye asidi ya hidrokloriki iliyopunguzwa, sehemu 1 ya asidi ndani ya sehemu 20 za maji, hadi povu likome. Ukianza na asidi, mafuta yanakwama kitambaani na katriji imekwisha. Mashine ya presha ya kuoshea magari nayo inachana kitambaa.

Niseme haki yake: katriji inashika chembe za maikroni (sehemu za elfu za milimita) 10 hadi 20, mchanga unashika 20 hadi 40. Kwa bwawa dogo la chini ya lita 15,000 lililo kwenye kivuli cha ukuta, ningeinunua. Chujio la aina ya tatu, la unga laini uitwao diatomi, linashika hadi maikroni 3 hadi 5, lakini unga huo unaongezwa upya kila baada ya kuosha na ukiuvuta ni hatari kwa mapafu. Sioni sababu ya kuhangaika nalo nyumbani.

Kuhusu ukubwa, usinunue kwa kusoma lita zilizoandikwa kwenye kibandiko. Namba ile ni kikomo cha juu. Angalia eneo la mchanga: tangi la milimita 500 lina mita ya mraba 0.2, la 600 lina 0.28. Pampu ikisukuma mita za ujazo 10 kwa saa, kwenye la 500 maji yanapita kwa kasi ya mita 50 kwa saa, kwenye la 600 ni mita 35, na maji yanayopita taratibu yanachujika vizuri zaidi. Kwa mwendo huo bwawa zima linapita kwenye chujio ndani ya saa nne na nusu. Lakini usivuke 600 kwa pampu hii, maana wakati wa bakiwoshi maji hayatakuwa na nguvu ya kuunyanyua mchanga, na uchafu utabaki chini. Kosa la upande wa pili ndilo ninaloliona zaidi mitaani: pampu ya hospawa 1.5 kwenye tangi la 500. Inasukuma uchafu mpaka unatokea upande wa pili, na inakula LUKU. Hii ya 0.75 inatumia kama uniti 6 kwa saa 8.

Mchanga unaoingia ni kilo 145 hadi 150, wa silika, chembe za milimita 0.4 hadi 0.8. Wa korongoni usiuguse hata ukiuchekecha: una udongo, na chembe zake hazilingani. Kabla ya kumimina, jaza tangi maji hadi nusu ili mchanga usivunje vidole vya plastiki vilivyo chini, vinavyopitisha maji na kuzuia mchanga, na ziba mdomo wa bomba la katikati kwa mfuko. Kisha bakiwoshi hadi maji yatoke meupe, suuza sekunde 30 hadi 60, weka kwenye kuchuja, na uandike presha iliyosomwa siku hiyo juu ya tangi kwa kalamu isiyofutika. Langu likiwa safi linasoma baa 0.6, naliosha likifika 1.0 au 1.1. Usilioshe kila siku, kwani mchanga wenye uchafu kidogo unachuja vizuri kuliko uliotoka kuoshwa. Na usizungushe mpini wa vali pampu ikiwa inawaka. Raba yenye umbo la nyota iliyo ndani itapinda, na kuanzia hapo maji machafu yatakuwa yanarudi bwawani kimyakimya.

Sasa mwani. Kabla ya kununua dawa, chota maji kwenye ndoo nyeupe, weka kijiko cha chai cha klorini ya unga, koroga, subiri. Kijani kikigeuka kijivu au cheupe, ni mwani. Kikigeuka rangi ya kutu, una madini ya chuma, na klorini nyingi bwawani itakupaka madoa ukutani. Maji yakibaki na rangi ya udongo vilevile, hilo ni vumbi, na unahitaji chujio na kufyonza tu.

Ikiwa ni mwani, anza na pH, kipimo cha uasidi wa maji. Kwenye pH 8 ni takriban robo tu ya klorini iliyo katika hali ya kuua, kwenye 7.2 ni kama theluthi mbili. Maji yetu yanapenda kupanda, hivyo weka asidi nusu lita mbele ya tundu la maji yanayorudi, pampu ikiwaka, pima tena baada ya saa chache, rudia hadi 7.2. Asidi huingia kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi.

Toa majani, hasa ya mwarobaini, kwa sababu kila jani linakula klorini. Sugua kuta na ngazi, na nyuma ya taa ambako watu husahau. Jua likizama, yeyusha klorini ya unga, ile ya kalsiamu ya asilimia 65, kwenye ndoo ya maji ya bwawa, acha chokaa itulie, mimina maji ya juu. Kipimo: gramu 830 zinakupa miligramu 12 kwa lita kwenye lita 45,000, gramu 1,400 zinakupa 20 hivi. Kuweka asubuhi ni kutupa hela, kwani klorini isiyo na kinga inaliwa na jua kwa zaidi ya nusu ndani ya saa mbili. Pampu iwake usiku na mchana. Pima usiku, pima alfajiri: ikipungua kwa zaidi ya miligramu 1, mwani bado uko hai, ongeza tena.

Kiasi kipi cha kuweka kinategemea asidi ya sayanuriki, kinga inayozuia jua lisile klorini, na hapa ndipo wengi wanakwama. Vile vidonge vya gramu 200 vya kuelea ndani yake vina kinga hii ya jua. Kila kidonge kinaongeza kama miligramu 2.5 kwa lita kwenye bwawa la ukubwa huu, na haipungui kwa jua wala kwa chujio. Kwenye sayanuriki 30, klorini 12 inatosha kuua. Kwenye 50 unahitaji 20. Kwenye 100 unahitaji 40, na hapo ni nafuu kumwaga nusu ya maji. Ndiyo maana mtu anaweka vidonge mwaka mzima, kipimo kinaonyesha klorini ipo, na bwawa linageuka kijani. Vidonge hivyo na klorini ya unga visikutane hata kwenye kijiko kimoja, vinawaka moto. Klorini na asidi navyo vinatoa gesi ya sumu, hifadhi kila kimoja mbali na kingine.

Maji yakishakuwa ya kijivu, mwani umekufa na zamu ya chujio imefika. Osha presha inapopanda, hata mara mbili kwa siku. Ukitaka haraka, tumia shabu: kilo 2 zilizoyeyushwa, vali kwenye kuzungusha bila kupita kwenye mchanga kwa saa 2, zima, acha usiku mzima. Asubuhi tope limelala chini. Lifyonze polepole vali ikiwa kwenye kumwaga. Kila sentimita inayoshuka ni lita 320, kwa hiyo jaza bwawa hadi juu kwanza. Mrututu sishauri: kwenye maji magumu shaba yake inaganda na kuacha madoa ya buluu kwenye plasta, na nywele nyeupe hugeuka kijani.

Maji ya bakiwoshi nayaelekeza kwenye miarobaini. Mizabibu isimwagiwe, haipendi chumvi.

Chujio hili nalipatia nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imepotea kwenye geji ya presha ya plastiki, ambayo inakwama sindano kwa jua na bila yake hujui lini uoshe. Badilisha na ya chuma yenye gliserini. Ukiagiza kutoka Dar, agiza pamoja na geji hiyo, raba moja ya nyota ya akiba na vidole viwili vitatu vya chini. Mchanga ukianza kuonekana bwawani karibu na tundu la maji yanayorudi, kidole kimevunjika, na hakuna njia ila kuchota mchanga wote kwa kopo.