Fungu la kumi au ahadi ya bahasha, kwa mwenye kipato cha kubahatisha

Ahadi ya bahasha ni kiasi unachoandika mwanzoni mwa mwaka kwamba utakitoa kanisani, tuseme shilingi 5,000 kila Jumapili. Mhazini hupanga bajeti vizuri, na mwenye mshahara huimudu. Kwa mama ntilie ni mzigo: Januari ada za shule zinabana, bahasha zinarukwa, deni linakua, naye anaanza kukwepa ibada kwa aibu. Ukiichagua, ipime kwa mwezi wako mbaya kuliko yote.

Fungu la kumi, yaani sehemu ya kumi ya kipato, hupanda na kushuka pamoja nacho, kwa hiyo tunaona linamfaa zaidi. Paulo hakutaja sehemu ya kumi alipowaandikia Wakorintho, ila aliwataka waweke akiba kila juma kwa kadiri ya kufanikiwa kwao (1 Kor. 16:2). Kosa kubwa ni kulipigia hesabu kwenye mauzo badala ya faida. Mauzo 60,000, gharama 42,000, faida 18,000: fungu ni 1,800. Akitoa 6,000, yaani sehemu ya kumi ya mauzo, ametoa theluthi ya faida, na muda si mrefu atakopa unga. Alitenge jioni ileile, mbali na mtaji.

Tena, kwa Kumbukumbu la Torati 14:28-29, fungu la mwaka wa tatu liliwalisha Walawi, wageni, yatima na wajane. Mjane anayeuza vitumbua asidaiwe kwanza, asaidiwe kwanza.