Kasi nzuri, ila walinizimia ukurasa bila hata ujumbe

Huu ni mwaka wa tatu tovuti yangu iko kwenye kampuni hii ya kuhifadhi tovuti. Kasi nzuri, bei si mbaya. Lakini Machi walinifungia ukurasa wa picha za harusi hapa Mombasa, eti mtu kadai picha ni zake. Picha nimepiga mwenyewe! Sheria ya hakimiliki ya Kenya, ilivyorekebishwa 2019, inawapa saa 48 kufunga. Lakini inawataka pia wanitumie nakala ya dai, nami nina haki ya kulipinga. Sikuletewa kitu. Bibi harusi mmoja ndiye aliyenipigia kuuliza picha zimekwenda wapi. Nikawapelekea faili asilia, wakafungua siku ya tisa. Nyota mbili.