Ukame bonde la Pangani: setilaiti au ubao wa kina?

Ubao wa kina uliosimikwa ukingoni mwa mto, wenye mistari ya sentimita, humwambia mkulima wa Korogwe maji yamefika wapi leo. Ila huona mto tu. Bwawa la Nyumba ya Mungu likifunguliwa huko juu, mto unaweza kuonekana mzima huku visima vikikauka.

Setilaiti za GRACE (2002 hadi 2017) na zilizozirithi, GRACE-FO, tangu 2018, hupima uvutano wa dunia. Kila kizazi kina setilaiti mbili, zinazofuatana kwa kilomita 220 hivi. Ya mbele ikikaribia eneo zito huvutwa kwanza, na umbali kati yao hubadilika kwa kiasi chembamba kuliko unywele. Hata hicho hupimwa! Kwa kuwa maji nayo yana uzito, humo mna mabadiliko ya maji yote: ya mtoni, ya udongoni, ya chini ya ardhi. Ubao hauwezi hilo kamwe.

Tatizo ni ukubwa. Zinafaa bonde kama la Kongo au Naili. La Pangani, kilomita za mraba 43,000 na ushei, ni dogo mno kwazo, tena matokeo hutoka kwa wastani wa mwezi. Kwa huku Tanga nachagua ubao, na visima vya kupimia maji ya ardhini viongezwe haraka.