Epoksi, klia au vanishi: ununue nini cha kufunika stika ya vinili kwenye tambla

Stika ya vinili haibanduki yote kwa siku moja. Huanzia kwenye ncha: mkia wa herufi, kona ya nyota, petali nyembamba ya ua. Kucha inapita hapo, stilwaya inapita, maji ya sabuni yanapenya chini ya gundi, na wiki chache baadaye tambla iliyoandikwa Mariamu inasomeka Maria.

Dawa yake ni kuzifukia ncha hizo chini ya kitu kigumu, kidole kikipita kisizihisi. Hapa tumepanga vitu vinavyouzwa kwa kazi hiyo, kuanzia kinachoifaa zaidi tambla ya stenlesi yenye kuta mbili, ile ambayo wauza zawadi huiandika majina. Chombo kikiwa kingine mpangilio unabadilika, na tutasema wapi.

1. Epoksi ya sehemu mbili, ya kupaka

Hii inaongoza kwa mbali. Ni vimiminika viwili vinavyochanganywa vikaganda kuwa plastiki ngumu na angavu. Vinili ya kudumu kama Oracal 651 ina unene wa mikroni 63 hivi. Mkono mmoja wa epoksi, yaani kuipaka mara moja, unaacha karibu mikroni 300, kwa hiyo mikono miwili inazamisha hata jina lililopangwa tabaka tatu za rangi.

Tatizo ni kwamba dukani neno "epoksi" limebeba vitu vingi, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Resini ya kumiminia meza za mbao ni nyepesi na inachelewa kuganda, mara nyingine siku mbili au tatu. Ukiipaka kwenye tambla inachuruzika yote. Gundi ya epoksi ya dakika tano inaganda kabla haijajisawazisha, halafu inageuka njano. Mbaya kuliko zote ni resini ya faibaglasi, ile ya kuzibia mabampa na boti. Hiyo si epoksi, ni poliesta. Ina harufu kali ya kemikali iitwayo stairini, na stairini hulainisha vinili pamoja na gundi yake mpaka stika inakunjamana. Kuitambua ni rahisi: hadina yake, yaani kigandishi, huja kwenye kichupa kidogo cha kutumia kwa matone, asilimia 1 au 2 tu ya resini. Epoksi ya kazi yetu huja kwa chupa mbili, A (resini) na B (hadina), zenye ujazo sawa au moja nusu ya nyenzake, na harufu yake ni hafifu.

Chukua yenye uwiano wa 1:1 kwa ujazo, nzito kama asali nyepesi, inayokupa dakika 20 hadi 45 za kuifanyia kazi. Soma vizuri kama uwiano ni wa ujazo au wa uzito. A kwa kawaida ni nzito kuliko B, kwa hiyo gramu 15 kwa gramu 15 si sawa na mililita 15 kwa 15. Anayepima kwa mizani maelekezo ya ujazo huishia kuzidisha B, na tambla inabaki inanata kama ulimbo hata baada ya wiki.

Kiasi: tambla ya mililita 600 ina mzingo wa sentimita 23 hivi na kimo cha 20, yaani sentimita za mraba 460. Mililita 15 zinatosha mkono mmoja. Ongeza 5 zinazoishia kikombeni na kwenye glavu. Kwa mikono miwili ni mililita 40. Seti ya lita moja, nusu A na nusu B, inatoa tambla 25. Gawanya bei ya seti kwa 25 kabla hujasema ni ghali.

Kwenye orodha hiyo hiyo ongeza glavu za nitrile, vikombe vyenye alama za mililita, spiriti ya isopropili ya asilimia 70 au zaidi, utepe wa karatasi wa wapaka rangi, msasa namba 220 na 320, na mota ya kuzungushia. Mota si anasa: epoksi isiyozungushwa inashuka upande mmoja na kuganda ikiwa tone. Mzunguko wa mara 5 au 6 kwa dakika unatosha, na ndiyo kasi ya mota ya sahani ya maikrowevu, ambayo mafundi wa vifaa vya umeme huwa nazo za kuchomoa. Angalia volti zilizoandikwa mgongoni. Baadhi ni za 220, nyingine ni za 21 au 30 na zitaungua ukizichomeka moja kwa moja ukutani.

*Kazi yenyewe.* Stenlesi tupu ipigwe msasa wa 220 kwanza, la sivyo epoksi itakuja kubanduka kama ganda la yai. Yenye rangi ikwaruzwe kidogo tu. Futa kwa spiriti, bandika stika, ikandamize ncha zote kwa kipande cha plastiki kigumu, kisha iache siku moja gundi ishike. Zungushia utepe chini ya mdomo wa tambla, ukiacha milimita 15 zisizopakwa. Pale midomo inapogusa hapahitaji resini. Futa tena kwa spiriti bila kusugua stika.

Changanya A na B polepole kwa dakika 3, ukikwangua kuta na kitako cha kikombe, kisha hamishia kwenye kikombe cha pili ukoroge dakika moja zaidi. Hatua hii ya kikombe cha pili watu huiruka, halafu wanashangaa kuona mabaka yanayonata: ni resini iliyokuwa imeng'ang'ania ukutani bila kukutana na hadina. Paka kwa kidole chenye glavu huku mota ikizunguka. Pitisha moto wa kiberiti cha gesi juu juu, sekunde moja moja, mapovu yapasuke. Ukikaa mahali pamoja vinili inasinyaa. Utepe uutoe baada ya dakika 45 hivi, resini ikiwa bado laini, maana resini ikiganda nao utalazimika kuukata kwa wembe. Acha izunguke saa 4 hadi 6. Kesho yake piga msasa wa 320 wenye maji, futa, paka mkono wa pili.

*Kinachoharibika.* Vitundu vya mviringo ambamo resini imekimbia ni mafuta: losheni ya mikono, silikoni, au gundi iliyoachwa na karatasi ya kuhamishia stika. Kuongeza resini juu yake hakusaidii. Subiri ikauke, piga msasa, safisha, rudia. Utando wa utelezi unaojitokeza juu, hasa Dar es Salaam na Mombasa wakati wa masika, unatokana na unyevu kukutana na hadina. Unatoka kwa maji ya vuguvugu na sabuni, na lazima utoke kabla ya mkono wa pili. Nairobi mwezi wa Julai shida ni baridi: resini inakuwa nzito na kushika vipovu vidogo kama vumbi. Loweka chupa zilizofungwa kwenye maji ya moto wa kuogea kwa dakika 10 kabla ya kupima.

Picha iliyochapwa kwa printa ya wino ipulizwe kwanza klia ya kopo, mikono miwili myembamba, ama wino utavuja. Iliyochapwa kwa wino wa solventi, yaani wenye kiyeyushi, iache saa 24 mvuke wa kiyeyushi utoke.

Epoksi ina adui wawili. Nyingi za aina hii huanza kulainika kwenye nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi, kwa hiyo usiipake kwenye kikombe cha udongo au cha bati cha chai ya moto. Tambla ya kuta mbili inasalimika kwa sababu nje yake haipati joto. Na jua huigeuza njano, hata ile iliyoandikwa kwamba haigeuki; hiyo inachelewa tu.

2. Klia ya gari yenye hadina

Kwa helmeti, tangi la bodaboda au chochote kinacholala juani, hii inapanda namba moja. Ni poliurethani, inavumilia jua na petroli kuliko epoksi. Mara nyingi huchanganywa klia 2 kwa hadina 1, lakini fuata kopo. Mikono miwili ya kwanza iwe kama ukungu tu. Ukiimwaga nzito, tina iliyomo, yaani kiyeyushi, inainua kingo za vinili. Inaacha filamu nyembamba, kwa hiyo kidole bado kitahisi stika. Hadina yake ina kemikali za isosayaneti, ambazo huweza kuleta pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Huna banda la kupulizia na vifaa vya kupumulia? Mpelekee fundi rangi wa magari akupulizie tambla kumi kwa mpigo.

3. Vanishi ya poliurethani ya maji

Haina harufu kali, brashi inaoshwa kwa maji, haigeuki njano haraka. Mikono mitatu, kila mmoja baada ya saa 2. Inafaa fremu, masanduku ya zawadi na vibao vya mlangoni. Kwenye tambla inayooshwa kila siku inachakaa kuanzia kitako.

4. Resini ya UV

Hii hugandishwa kwa taa ya mionzi ya urujuanimno (UV). Ni ya vishikio vya funguo, si ya vikombe. Inaganda kwa dakika moja hadi tatu chini ya taa ya nanomita 365 hadi 405, ila mwanga usipofika haigandi. Ikipakwa nene upande mmoja inasinyaa na kukunja kipande.

5. Klia ya kopo la kupuliza

Ni ya kuandalia, kama tulivyosema kwa picha za wino. Peke yake inachubuka, na spiriti inaiyeyusha. Mod Podge ya kawaida, gundi ya maji ya kazi za mikono, iko chini zaidi: maji yanailainisha. Ipo ya aina inayohimili kuoshwa, lakini inataka siku 28 kukomaa, na mteja wa zawadi ya harusi hana siku 28.

Ukichagua epoksi, tambla inashikika baada ya saa 24, ila isioshwe kabla ya siku 7, na isiingie kamwe kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Seti ya lita moja inatosha kuanzia. Usinunue ya mwaka mzima: B hukolea njano ikikaa sana, na A wakati wa baridi huganda nyeupe kama asali ya zamani. Hiyo ya A haijaharibika. Iweke chupa kwenye maji ya nyuzi 50 mpaka iwe angavu tena, iache ipoe, ndipo upime.