TAHADHARI: Kichwa orijino, mwili feki. Nimepigwa 175,000 kwenye figa ya Goku

Wadau, nina hasira na nina aibu, na yote mawili nitayaandika kama yalivyo. Nimenunua figa, yaani sanamu ndogo ya plastiki yenye viungo vinavyokunjika, ya Son Goku wa katuni ya Kijapani ya Dragon Ball, toleo la S.H.Figuarts, yule wa nywele za dhahabu, kwa shilingi 170,000, na 5,000 za bodaboda juu yake. Nilichopokea ni kichwa orijino kilichochomekwa kwenye mwili feki, ndani ya boksi orijino. Hii si ile kopi nzima ya elfu ishirini na tano ambayo mtu anaitambua akiwa ng'ambo ya barabara. Huyu tapeli alikaa chini akapanga. Anajua tunaangalia wapi na wapi hatuangalii.

Mtaniuliza nilimwaminije. Bei, kwanza. Alianzia 190,000, tukavutana siku mbili, akashuka kwa shida huku akilalamika kwamba nimemuumiza. Muuza feki hakawii kushusha bei, huyu alikaza. Halafu anaijua kazi hii. Aliniambia mwenyewe kwamba nyonga zimelegea kidogo kwa sababu ya kupigishwa picha za mateke, na kwamba kiganja kimoja cha ziada kimepotea. Muuzaji anayekutajia kasoro kabla hujauliza, utamshuku kwa lipi? Boksi alisema limefunguliwa, tepu zake zimekatwa, akanionyesha. Na nilimwomba picha za uso kwa karibu, maana ndiyo kanuni tunayofundishana miaka yote: feki utaijua machoni. Akatuma tatu. Mboni zimekaa sawa, nyusi zimechapwa kwa mstari mkali usio na ukungu, weupe wa jicho haujavuka ukingo wa kope, nywele zimekutana na paji la uso bila pengo. Uso ule ulikuwa halisi na bado ni halisi, ninao hapa mezani.

Nikatuma hela. Kijana wa boda akafika saa nane mchana. Nimefungua trei ya juu, kitu cha kwanza kilichonipiga ni harufu: kandambili mpya, ile harufu ya dukani. Figa iliyotumika miaka miwili hainuki hivyo. Nikamshika kiunoni, mwepesi. Nikamgeuza kichwa kushoto, kikageuka kwa kukwama kisha kikateleza, kama kifuniko cha chupa kilichokosa nyuzi. Nikakivuta juu taratibu. Kwenye gololi ya shingo, kile kidude cha mviringo ambacho kichwa huchomekwa juu yake, kulikuwa na ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, imezungushwa mara nne au tano na kukatwa kwa wembe vizuri kabisa. Nilikaa na kichwa mkono huu, mwili mkono huu, nikaiangalia ile tepu kwa muda mrefu. Mtu aliyeizungusha alikuwa na subira. Alijua anachofanya na alijua anamfanyia nani.

Sababu ya tepu ni hii. Feki nyingi hazichongwi upya, bali kalibu yake hutengenezwa kutoka kwenye figa halisi. Plastiki ikipoa hunywea, kwa hiyo kopi hutoka ndogo kidogo kuliko mama yake. Kwa jicho huoni. Kwenye gololi ya shingo unaona, kwa sababu tundu la kichwa halisi linakuwa kubwa kwa gololi ya feki, na kichwa kinazama au kinacheza. Nilimsimamisha na Goku wangu wa zamani, mnamjua, yule wa picha za mchanga wa Kigamboni. Kwenye rula, kutoka unyayo hadi bega, huyu mpya ni mfupi kwa milimita tatu.

Nilitaka uhakika kabla sijamtukana mtu, nikafanya jaribio la maji. Maji yaliyotoka kuchemka, yakaachwa dakika chache hadi nyuzi 80 hivi, kisha mkono ukazamishwa nusu dakika. Kwenye figa halisi, PVC, yaani plastiki yenyewe, ikipata moto kiasi hicho kiganja kinatoka kwa kuvuta kidogo tu na kijiti chake kinabaki kimenyooka. Hiki kilipinda, plastiki ikageuka nyeupe pale kwenye pindo, kikakatika na kubaki ndani ya mkono. Kukitoa ni kutoboa katikati yake kwa keekee ya mkono ya milimita 1, kuchomeka waya wa shaba kwa tone la supaglu, kungoja ikauke kabisa, kisha kuvuta. Tone likizidi linashika hadi ukuta wa tundu na mkono wote umekufa. Nimeufanya upande mmoja. Wa pili sina moyo.

Na nilikuwa nimepanga kumpaka upya, vumbi na mipasuko ya nguo, kwa ile seti yangu ya picha za Namek, sayari ya kwenye katuni hiyo. Nikapuliza vanishi isiyong'aa kwenye paja kwa majaribio, eneo dogo. Siku ya tatu leo bado linanata, alama ya kidole inabaki. Vilainishi vilivyomo kwenye PVC laini vinapanda juu na kuila vanishi, na plastiki ya feki inavyo vingi. Kwenye mwili kama huu, kitangulizi (rangi ya kwanza ya chini) na rangi za akriliki za brashi huenda zikashika. Dawa ya kopo usithubutu.

Nilipompigia simu hakupokea. Nikamtumia picha ya ile tepu. Akajibu: "Bosi wangu, plastiki zote hulegea, joto la Dar hilo." Baada ya hapo picha ya wasifu ikatoweka na ujumbe hauendi tena. Joto la Dar limezungusha tepu!

Huyu afikishwe mbele ya sheria. Sitaki kurudishiwa hela kimyakimya halafu ampige mwingine kesho. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kudanganya mtu kwa simu ili utumiwe fedha ni kosa la jinai hata kama kitu chenyewe watu wanakiita mdoli. Tume ya Ushindani ina kazi ya kushughulikia bidhaa bandia. Namba aliyotumia nimeiripoti kwa ujumbe kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Muamala, mazungumzo yote na tepu yenyewe vimo kwenye mfuko mmoja, na Jumatatu naenda navyo kituoni. Watakaosema "achana naye, ni laki na kitu tu", hiyo laki na kitu niliikusanya miezi minne.

Dalili ambazo zilikuwepo, nazitaja haraka kwa sababu nikizifikiria napandwa tena. Picha zote za mwili zilipigwa usiku chini ya taa ya njano. Taa hiyo inaficha mng'ao wa plastiki na inafanya kila rangi ya chungwa ionekane sawa. Dai picha ya dirishani, mchana. Hakuna picha hata moja iliyoonyesha nyuma ya magoti, ambako pini za feki mara nyingi zina rangi tofauti na nguo, wala ndani ya mikono, ambako mstari wa kalibu huachwa bila kusuguliwa. Video ilikuwa ya sekunde chache, figa imesimama tu, hajainua mguu. Na nilimwomba picha ya kichwa kikiwa kimetolewa, akasema anaogopa kuvunja shingo. Mtu anayepiga picha za mateke anaogopa kutoa kichwa! Hapo nilipaswa kusimama. Basi sasa ombeni hiyo picha kabla ya nyingine yoyote, gololi ikiwa wazi, na karatasi ya tarehe ya siku hiyo kando yake.

Kuna jambo moja zaidi. Kichwa hiki kilikuwa na mwili wake, na boksi hili lilikuwa na figa nzima. Ule mwili halisi haujatupwa. Nina hakika umeuzwa, au unauzwa sasa hivi, ukiwa na kichwa feki juu yake, kwa mtu aliyeonyeshwa picha za viungo badala ya uso. Kama umenunua Goku huyu miezi ya karibuni, mwili umekaa vizuri, viungo vinashika, lakini macho yana ukungu na kichwa kinaingia kwa kubana, kivute ukiangalie. Kisha nitafute. Kichwa chako kiko kwangu, nakitunza kwenye kikopo chenye pamba, na ushahidi wa watu wawili kituoni una uzito kuliko wa mmoja.